Umeambiwa una malengelenge ya sehemu za siri? Hakikisha kabla ya kuhukumu



Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi hulibeba kifuani kimya kimya, wake kwa waume, kwa kuwa limekaa mahali pa sitara. Ni pale mtu anapokwenda zahanati akiwa na kidonda au vipele sehemu za siri, akaangaliwa kwa dakika chache, akaambiwa kuwa hiyo ni hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri. Anarudi nyumbani na vidonge vyake na neno moja zito: ugonjwa wa zinaa.

Neno hilo ndilo linalovunja nyumba. Katika Kiswahili chetu magonjwa haya tumeyapa jina la dhambi. Mwenye kisonono, mwenye kaswende na mwenye hepesi, wote wanaitwa wagonjwa wa zinaa, hata yule ambaye tangu azaliwe hajatoka nje ya ndoa yake. Ndiyo maana wataalamu wengi wa afya siku hizi hupendelea kusema magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana. Jina hilo linaeleza njia ya ugonjwa, bila kumshitaki mgonjwa.

Leo, Inshaallah, tutaangalia mambo mawili. La kwanza, vipi mtu aliyeambiwa ana hepesi wakati dalili zake hazieleweki anaweza kupata uhakika. La pili, hata uhakika ukipatikana, ni kitu gani ambacho kipimo kinasema na kitu gani hakiwezi kusema kabisa.

Tuanze na mfano

Chukulia mke wa mvuvi wa dagaa hapa Ujiji. Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanajua kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, kazi husimama, nyavu hushonwa, na waume waliokuwa kambi za mbali hurudi majumbani. Siku tatu baada ya mume kurudi, mke anahisi kuwashwa na maumivu, kisha anaona michubuko na vipele viwili vitatu. Anakwenda kutibiwa, anaambiwa hepesi.

Hesabu anayoifanya kichwani ni nyepesi: "Mimi sikuwa nayo, kaja nayo kutoka kambini." Mume akisikia, naye anapiga hesabu yake: "Mimi sina kidonda chochote, basi ameipata nilipokuwa ziwani." Jioni hiyo hiyo wazee wanaitwa, na maneno yasiyorudi mdomoni yanatamkwa.

Ndugu msomaji, hesabu zote mbili zinaweza kuwa na makosa. Yawezekana hiyo si hepesi kabisa. Na hata ikiwa ni hepesi, yawezekana hakuna aliyetoka nje ya ndoa. Tuone kwa nini.

Hepesi ni ugonjwa gani?

Hepesi huletwa na virusi vya aina mbili. Aina ya kwanza ndiyo ile inayotoa malengelenge mdomoni, ambayo watu huyaita vidonda vya homa. Watu wengi huipata utotoni kwa mate, kwa kubusiwa na jamaa wasiojua kuwa wanayo. Aina ya pili kwa kawaida hukaa sehemu za siri na huambukizwa kwa kujamiiana. Hata hivyo aina ya kwanza nayo inaweza kuhamia sehemu za siri kwa kugusana mdomo na sehemu hizo.

Virusi vikishaingia haviondoki. Hujificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu, chini ya mgongo, na huweza kulala humo miezi au miaka. Mwili ukichoka, ukiugua homa au ukipata mfadhaiko, huweza kuamka na kutoa malengelenge tena. Kwa kawaida mara ya kwanza huwa kali zaidi: homa, mitoki kuvimba, maumivu wakati wa haja ndogo, na vidonda vinavyoweza kudumu wiki mbili hadi nne. Zinazofuata huwa nyepesi na fupi.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kuwa walio wengi wenye virusi hivi hawajui kama wanavyo. Ama hawajawahi kuona dalili, ama walipata mwasho mdogo wakadhani ni joto. Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yaliyotolewa Desemba 2024, lilisema watu wapatao milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana hepesi ya sehemu za siri, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Aina ya kwanza kwa ujumla inakadiriwa kuwamo ndani ya watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50. Basi tusiizungumzie kama laana iliyowashukia watu wachache waovu.

Kwa nini macho peke yake hayatoshi?

Hepesi ya vitabuni ni rahisi kuitambua. Kwanza ngozi inachomachoma, kisha yanatoka malengelenge madogo yaliyosongamana kama shada, yana maji, yanapasuka na kuacha vidonda vidogo vyenye maumivu, kisha yanakauka. Lakini wagonjwa wengi hawaji na picha hiyo. Mmoja ana mpasuko mdogo kama wa wembe, mwingine ana wekundu tu, mwingine ana kidonda kimoja. Hapo hata daktari mzoefu anaweza kukosea, kwa pande zote mbili: kuiita hepesi isiyo hepesi, na kuiacha hepesi iliyo hepesi.

Mbona basi wahudumu wetu hutoa dawa kwa kuangalia tu? Hili lina sababu njema. Miaka ya 1990, jirani zetu wa Mwanza walishiriki utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1995. Vituo vya afya vya vijijini viliimarishwa ili vitibu magonjwa haya kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara. Katika jamii zilizopata huduma hiyo, maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na jamii nyingine. Tangu hapo njia hiyo imetumika sana nchini na kwingineko. Mwenye kidonda hutibiwa siku ile ile, na mara nyingi kwa magonjwa zaidi ya moja kwa pamoja, asije akapotea njiani akisubiri majibu.

Kwa hiyo elewa vizuri: kupewa dawa ya hepesi kwa njia hiyo ni tahadhari. Si hukumu kwamba hepesi imethibitika. Mhudumu anasema, "huenda ni hii, tusiache nafasi." Mgonjwa anasikia, "ni hii." Tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo inayoleta talaka.

Na usidanganyike na kupona. Watu husema: "Nimemeza asikloviri, kidonda kimekauka, basi ilikuwa hepesi." Hapana. Michubuko hupona yenyewe. Hata kidonda cha kaswende hufunga chenyewe, huku ugonjwa ukiendelea kutembea mwilini.

Yanayofanana na hepesi

1. Kaswende. Kidonda chake cha kwanza mara nyingi ni kimoja, kigumu ukingoni, na hakiumi. Hupotea chenyewe baada ya wiki tatu hadi sita. Hatari ya kukiita hepesi ni kubwa, kwa sababu asikloviri haigusi kaswende hata kidogo, wakati sindano ya penisilini inaiponya kaswende changa. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa miongoni mwa wajawazito waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, karibu robo walijifungua mtoto mfu. Kwa hiyo kila mwenye kidonda sehemu za siri apimwe kaswende, hata kama ameshaambiwa ni kitu kingine. Na kwa kuwa kipimo kinaweza kutoonyesha siku za mwanzo, huenda akatakiwa kurudia baada ya wiki chache.

2. Pangusa. Hivi ni vidonda vyenye maumivu makali na usaha, pamoja na mitoki iliyovimba kinenani. Ugonjwa huu umepungua sana Afrika Mashariki, lakini bado daktari anapaswa kuukumbuka. Unatibika kwa antibayotiki.

3. Vipele vya kunyoa. Kunyoa nywele za sehemu za siri ni katika sunna za usafi, na tumewekewa tusizidishe siku 40. Lakini wembe butu, kunyoa pakavu na kunyoa kinyume cha nywele huleta vipele vyenye usaha, na nywele nyingine huota kwa ndani. Dalili yake ni kwamba kipele kimekaa penye shina la unywele, na kimetokea siku chache baada ya kunyoa. Wangapi wamejinyoa kwa ajili ya kumpokea mume au mke aliyekuwa safarini, kisha wakaambiwa wameambukizwa!

4. Fangasi na michubuko. Mwanamke mwenye fangasi hupata mwasho mkali na uchafu mzito mweupe, na ngozi huweza kupasuka kwa kujikuna. Mwanaume anayekesha majini na nguo mbichi hupata fangasi na kuchubuka mapajani na kinenani. Aidha, wanandoa waliokutana baada ya muda mrefu wanaweza kuchubuka kwa msuguano tu.

5. Mzio wa dawa. Hili halijulikani sana, nalo linafanana na hepesi kuliko yote. Wapo watu ambao kila wakimeza dawa fulani, kidonda au lengelenge hutokea mahali pale pale: kwenye uume, midomo au mikono. Baadaye hubaki doa jeusi. Dawa zenye salfa, kama SP na Septrin, ni maarufu kwa hilo, na zipo pia dawa za maumivu na antibayotiki nyingine. SP ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini kuanzia mwaka 2001 hadi dawa ya mseto ilipochukua nafasi yake mwishoni mwa 2006, na bado hutolewa kliniki kwa wajawazito kuwakinga na malaria. Kwa kuwa kidonda hicho hurudi pale pale kama hepesi inavyorudi, ni rahisi kukichanganya. Jiulize: kabla ya kidonda kutoka, siku hiyo au siku iliyotangulia nilimeza nini? Ukiona uhusiano mwambie daktari. Mama mjamzito asiache SP kimya kimya, aongee na muuguzi kwanza. Na ikiwa ngozi inachubuka sehemu nyingi, mdomo na macho vimeingia vidonda, hiyo ni dharura. Nenda hospitali mara moja.

6. Mzio wa vitu vya kupaka. Sabuni kali, dawa za kuua vijidudu, marashi, shabu, magadi na ndimu huunguza ngozi laini. Baadhi ya watu pia hudhurika na mpira wa kondomu.

7. Mengineyo. Upele unaowasha sana usiku, mkanda wa jeshi unaoshika upande mmoja wa mwili, na kichocho cha mkojo. Kichocho hicho, kinachojulikana sana Unguja, Pemba na sehemu nyingine za nchi, huweza kuleta vidonda ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke, akatibiwa magonjwa ya kujamiiana miaka na miaka bila nafuu. Ikiwa uliwahi kuishi maeneo hayo na kuoga maji yaliyotuama, mtajie daktari.

Vipimo vinasema nini?

Kipimo chenye nguvu zaidi ni cha kuchukua majimaji ya kidonda chenyewe kwa pamba na kuyatafuta virusi ndani yake kwa njia ya PCR. Kikionyesha virusi, kinataja na aina yake, na hapo una uhakika mzuri. Sharti lake ni kuwahi: lengelenge likiwa bichi, ikiwezekana ndani ya saa 48. Kidonda kikishaanza kukauka, jibu la kutokuwepo virusi halitoshi kukutoa wasiwasi. Si kila zahanati ina huduma hii, lakini muulize daktari kama sampuli inaweza kuchukuliwa na kupelekwa maabara kubwa. Kwa watu wa Kigoma, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ndipo mahali pa kuanzia kuuliza.

Kipimo cha damu ni jambo jingine. Hicho hakitafuti virusi, hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya virusi. Hapa kuna mitego minne.

Kwanza, karatasi isiyotaja aina haina maana kubwa. Ikiandikwa "hepesi ipo" tu, huenda ni ile ya mdomoni ambayo watu wengi wanayo tangu utotoni.

Pili, kuna sehemu iliyoandikwa IgM na iliyoandikwa IgG. Kipimo cha IgM hakiaminiki kwa hepesi na hakiwezi kusema kama maambukizi ni mapya. Kinachotakiwa ni IgG kinachotenganisha aina ya kwanza na ya pili.

Tatu, kingamwili huchukua muda kutengenezwa, pengine wiki 12 au zaidi. Aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kupimwa na kuonekana hana.

Nne, kipimo hiki huweza kumwonyesha mtu kuwa anavyo wakati hana. Si maneno ya mitaani haya. Watafiti waliofanya kazi Rakai, nchini Uganda, walieleza mwaka 2008 kuwa vipimo vinavyouzwa vilitoa majibu ya uongo kwa wingi katika watu wa huko, na kwamba kiwango cha kuhesabu jibu kuwa chanya kilihitaji kupandishwa. Marekani nayo, mwaka 2023, mamlaka yao ya dawa na vipimo iliwaonya waganga juu ya tatizo hilo hilo. Miongozo yao ya mwaka 2021 inataka kwamba namba ya jibu la aina ya pili ikiwa ndogo, kati ya 1.1 na 3.0, mtu apimwe tena kwa kipimo cha namna nyingine kabla ya kuambiwa lolote. Na hawashauri watu wasio na dalili wapimwe ovyo damu ya hepesi, kwa sababu hofu inayoletwa na majibu ya uongo inazidi faida.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Kuuliza si utovu wa adabu. Daktari mwema hufurahi kuulizwa. Mwambie kwa upole:

- Je, umeona dalili za hepesi hasa, au unanitibu kwa tahadhari?
- Kitu gani kingine kinaweza kufanana na hiki?
- Je, nimepimwa kaswende na virusi vya Ukimwi?
- Je, sampuli ya kidonda inaweza kuchukuliwa leo?
- Kama ni damu, ni aina ya kwanza au ya pili, ni IgG, na namba yake ni ngapi?
- Kama kidonda kimeshapona, nirudi lini?

Kisha weka kumbukumbu zako: tarehe kidonda kilipotoka, ulimeza dawa gani kabla, ulinyoa lini, ulipaka nini, na kama kimewahi kutokea mahali hapo hapo. Ikitokea tena, usingoje mpaka Jumatatu wala mpaka mtu wa nyumbani arudi. Nenda siku hiyo hiyo, kabla hujapaka kitu chochote. Mwanamke akiomba kuangaliwa na muuguzi wa kike, hilo ni ombi la kawaida. Na akikosekana, asiache kutibiwa kwa sababu ya haya.

Wakati ukisubiri uhakika, usiache dawa ulizopewa bila kumuuliza daktari, na jizuieni na tendo la ndoa mpaka kidonda kipone. Shaka juu ya jina la ugonjwa haimaanishi kuwa hakuna ugonjwa.

Hata ikithibitika

Sasa tuseme kipimo cha kidonda kimerudi na kimesema wazi kuwa ni hepesi aina ya pili. Je, sasa imejulikana nani mkosa?

Hapana. Kipimo kinasema virusi vipo. Hakisemi viliingia lini, wala vililetwa na nani. Mtu anaweza kuwa alivipata katika ndoa iliyotangulia, kabla ya talaka au kabla ya kufiwa, vikalala miaka kumi, vikaamka leo. Mume asiye na kidonda anaweza kuwa navyo na kumwambukiza mkewe bila yeyote kujua, kwa sababu virusi hutoka kwenye ngozi hata siku ambazo haina alama yoyote. Vivyo hivyo mke kwa mume. Na katika nyumba ya wake wawili au watatu, aliyeona dalili wa kwanza si lazima awe wa kwanza kuambukizwa.

Wengine husema, "mume wangu katahiriwa, hawezi kuwa nayo." Tohara inasaidia: utafiti wa Rakai uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa waliotahiriwa walipata hepesi aina ya pili kwa upungufu wa karibu asilimia 28. Kupunguza si kuzuia kabisa. Wengine husingizia choo au ndoo ya kuogea. Virusi hivi havidumu nje ya mwili, na hiyo si njia yake.

Ndugu zangu, dini yetu imeliwekea jambo la kumtuhumu mtu zinaa uzio mkubwa kuliko tuhuma nyingine. Aya ya 4 ya Surat An-Nur imeweka sharti la mashahidi wanne kwa anayewatuhumu wanawake wenye kujihifadhi, na adhabu kwa anayeshindwa kuwaleta. Aya zinazofuata zimeweka utaratibu mzito wa viapo kwa mume anayemtuhumu mkewe. Karatasi ya maabara haimo katika mashahidi hao, seuze kipele kilichoangaliwa kwa tochi. Surat Al-Hujurat nayo, aya ya 12, inatukataza kufuata dhana na kupekuana. Hatutoi fatwa katika safu hii. Mwenye shauri la ndoa aende kwa sheikh au kadhi, lakini aende akiwa na ukweli wa kitabibu mkononi. Na wazee wanaoitwa kusuluhisha wangefanya hisani kubwa kama swali lao la kwanza lingekuwa: "Je, mmehakikisha?"

Upande wa pili nao usisahauliwe. Ikiwa umethibitishiwa, mwenzako ana haki ya kujua, maana si halali kumdhuru mtu kwa kumficha. Nendeni pamoja mpimwe virusi vya Ukimwi, kwani mwenye hepesi aina ya pili ana hatari ya kuambukizwa Ukimwi takriban mara tatu zaidi. Na dawa ya hepesi si kinga ya Ukimwi. Utafiti uliowahusisha wanawake wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa kumeza asikloviri kila siku hakukupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Kazi ya dawa hiyo ni kufupisha vidonda, na kwa anayesumbuliwa mara kwa mara, kuvizuia visirudi. Kuna maisha ya ndoa baada ya hepesi: kujizuia siku za dalili, kutumia kondomu pale inapohitajika, na kufuata ushauri wa daktari.

Mjamzito aliyewahi kuambiwa ana hepesi amweleze mkunga mapema. Hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho ya ujauzito. Na uchungu ukimkuta ana vidonda, huenda akashauriwa kujifungua kwa upasuaji. Aliyeipata zamani, na hana vidonda siku ya kujifungua, mtoto wake yumo katika hatari ndogo sana.

Usafi unaosaidia

Sehemu za siri hazihitaji sabuni kali wala manukato. Maji safi yanatosha kwa istinjaa, na mwanamke ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, bila kuingiza kitu ndani. Jikaushe vizuri, vaa nguo ya ndani ya pamba iliyokauka juani. Kunyoa, tumia wembe mpya wa peke yako, lowesha kwanza, fuata mwelekeo wa nywele. Mvuvi abadili nguo mbichi afikapo mwaloni. Penye kidonda usipake majani, unga wa betri wala dawa ya meno: utaongeza jeraha na kumnyima daktari alama ambazo angezisoma.

Ndugu msomaji, yale maneno "una ugonjwa wa zinaa" hutamkwa kwa sekunde moja, na kuyafuta huweza kuchukua umri mzima. Ukiambiwa wewe, uliza. Akiambiwa mkeo au mumeo, mshike mkono mrudi pamoja hospitali, kabla ya kumfungashia virago.

Mwenyezi Mungu atupe afya na atusitiri sote. Tukutane tena katika somo lijalo, Inshaallah.